Tochi ya kichwani na macho ya gizani: misimu mitatu msituni

Nimeivaa tochi hii misimu mitatu ya uwindaji, alfajiri nikiingia msituni na usiku nikitoka. Naanza na kakakuona, kwa sababu yeye ndiye aliyenionyesha nimenunua nini.

Ilikuwa kama saa kumi na moja kasoro robo, bado giza tupu. Nilikuwa naelekea kwenye mti ninapovizia, mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu, tochi ikiwa kwenye mwanga mwekundu na upepo ukinipiga usoni. Mbele yangu, hatua kumi na tano hivi, majani makavu yakaanza kulia. Yanalia, yananyamaza, yanalia tena mara mbili, kimya. Nikadhani ni nungunungu, nikasimama. Kikatokea kitu kama rundo la vigae linalotembea kwa miguu miwili ya nyuma, vimikono vimekunjwa kifuani, mkia mzito umenyooka nyuma ukimpa mizani. Nimewinda zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kumwona kakakuona aliye hai na huru. Alinipita hatua tatu tu kutoka kwenye buti zangu, akafika kwenye kichuguu kilichobomoka upande mmoja, akaanza kuchimba kwa kucha na kuingiza ulimi. Nilimtazama kama dakika kumi. Mwanga mwekundu ulimwangukia mgongoni na hakuujali hata kidogo.

Kisha nikataka kumwona vizuri zaidi. Nikabonyeza swichi ya mwanga mweupe, na palepale akajikunja akawa mpira. Nikazima. Nikangoja gizani muda mrefu, na mpira ule haukufunguka. Nikaondoka kwa kuzunguka mbali, na mpaka leo ninajuta kubonyeza swichi ile.

Kakakuona hana meno, na magamba yake ni keratini, kitu kilekile kilicho kwenye kucha zetu. Magamba hayo ndiyo yamemponza. Aina zake zote 8 ziliwekwa kwenye orodha ya ulinzi mkali kabisa wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa mwaka 2016, ulioanza kutumika 2017, na majangili bado wanamtafuta. Kwa hiyo sikumpiga picha, na mahali nilipomwona sijamwambia mtu yeyote, hata wawindaji wenzangu.

Sasa nirudi kwenye tochi. Jina la kampuni siliandiki, maana hawa watu hubadilisha umbo na swichi kila baada ya muda, na ukinunua jina bila kutazama sifa unaweza kupata kitu tofauti kabisa na changu. Nitaeleza sifa, nawe uzitafute hizo.

Sifa ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni swichi mbili. Ya kushoto ni ya mwekundu, ya kulia ni ya mweupe. Ukigusa ya kushoto kutoka gizani unapata mwekundu hafifu, basi. Tochi niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuwa na swichi moja tu. Ili ufike kwenye mwekundu ulilazimika kupita kwanza mweupe mkali, kisha mweupe wa kati, kisha ule wa kupepesa wa kuomba msaada. Hebu fikiria umekaa kimya saa nzima, macho yako yameshazoea giza, unataka tu kuangalia saa, halafu msitu mzima unawaka kama kuna gari. Ukienda dukani, zima taa ya pale ukiweza, ivae, uiwashe bila kuitazama. Kama kidole chako hakifiki kwenye mwekundu kwa mguso mmoja, irudishe kwenye boksi.

Mwekundu una sababu yake. Seli za jicho zinazotusaidia kuona gizani huhitaji kama dakika 30 kuzoea giza sawasawa, na mwanga mweupe mkali wa sekunde chache huzirudisha mwanzo. Mwekundu hauzigusi sana. Kwa wanyama, jamii ya swala na kulungu wana aina mbili tu za seli za kutofautisha rangi, sisi tuna tatu, na wanayokosa ni ile inayoona wekundu vizuri. Kwao mwanga mwekundu ni kitu hafifu. Lakini wauzaji husema hawauoni kabisa, na hilo si kweli. Mwekundu wa tochi hii una ngazi mbili. Kwenye ngazi ya juu, paa aliyekuwa akila karibu na njia yangu aliinua kichwa na kunitazama mpaka nikazima. Kwenye ngazi ya chini nimepita karibu na paa mara tatu au nne wasiache kula. Faida nyingine ni wadudu. Ukiwasha mweupe, nondo na mende wanakuja usoni, wanaingia mdomoni na kwenye kola ya shati. Ukiwasha mwekundu wanapungua sana, na wewe unatulia.

Lakini mwekundu una mambo unayoyaficha, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu mimi nilijifunza kwa kuumia.

Siafu kwanza. Msimu wa kwanza nilisimama kufunga kamba ya buti juu ya kitu nilichodhani ni mzizi. Kilikuwa msafara. Rangi yao ya kahawia iliyoiva, kwenye udongo mweusi, chini ya mwanga mwekundu, haionekani kabisa. Walikuwa wamenifika magotini wa kwanza alipouma, na wa kwanza akishauma wengine hawangoji. Nilivua suruali gizani, bunduki nimeiegemeza kwenye mti, nikawa nabandua mmojammoja. Mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeng'ata ngozi. Uwindaji wa asubuhi ile uliishia pale.

Baada ya hapo kifutu. Huyu ndiye ninayemwogopa kuliko nyoka wote, kwa sababu hakimbii. Nyoka wengi wakisikia mtikisiko wa hatua zako wanaondoka. Kifutu anategemea rangi yake, analala palepale kwenye majani makavu, mara nyingi kwenye njia yenyewe, mpaka umkanyage. Michoro yake ya manjano na kahawia ndiyo inayokusaidia kumtambua, na mwekundu unaifuta yote: unabaki unaona majani tu. Nilimwona mmoja kwa sababu kabla ya kushuka kwenye bonde lenye majani mengi nilikuwa nimebadilisha kwenda mweupe wa ngazi ya chini kabisa, nikauinamisha miguuni. Alikuwa mnene kama mkono wangu, amejikunja kando ya jiwe ambalo mguu wangu ulikuwa unaliendea.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu. Njia ngumu iliyokanyagwa natembea na mwekundu. Majani mengi, mawe au nyasi, natembea na mweupe wa chini, ambao kwenye tochi hii ni hafifu kweli, hauzidi lumeni 5 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na unatosha kuona mita nne mbele. Kichwa cha tochi kinainama kwa kubofyabofya, na kila kituo kinakaa imara; kile cha tochi yangu ya zamani kilikuwa kikilegea na kuangalia chini chenyewe kila ninaporuka gogo. Jambo dogo, lakini ukishatembea nalo utalithamini.

La tatu linalofichwa na mwekundu ni damu. Tone la damu kwenye jani kavu, chini ya mwanga mwekundu, linalingana na jani. Ukifuata mnyama uliyempiga kwa mwanga huo utampoteza, naye atakufa bure. Kufuatilia damu ni kazi ya mweupe, na mweupe wa kutosha.

Ndiyo iliyokuwa kazi yetu usiku wa chui.

Nilikuwa na mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kusoma nyayo. Pongo dume alitokea pembeni mwa kichaka jua likiwa bado juu ya miti. Leseni yangu ilikuwa ya pongo mmoja, na mchana ulikuwa bado mchana. Nalisema hili kwa sababu sheria za nchi nyingi zinakataza kupiga mnyama usiku kwa kummulika, na tochi ninayoipima hapa ni ya kutembelea, si ya kulengea. Nilipiga. Aliruka, akaingia kichakani. Tukangoja nusu saa kama inavyopasa, maana ukimfuata mapema unamsukuma aende mbali. Tulipoinuka, giza lilikuwa linashuka.

Damu ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya waridi, ina povu. Hiyo ni damu ya mapafu. Mnyama wa namna hiyo haendi mbali. Niliweka mweupe wa kati, kama lumeni 200, na kwa kweli hapo tochi ilinifurahisha. Mwanga wake ni mpana, hauna lile duara kali la katikati linalofanya pembeni kuwe kiza. Kwenye msitu hilo lina maana kuliko umbali. Miti yenyewe hukuzuia kuona mbali. Unachohitaji ni kuona upana wa hatua kumi kushoto na kulia bila kugeuzageuza shingo. Tone, hatua mbili, tone, doa kwenye shina kwa urefu wa bega lake. Mjomba alikuwa akiweka majani mabichi kila tulipoona damu, ili tukipotea turudi kwenye la mwisho.

Kisha matone yakaisha na ukaanza mfuto. Majani yamelala upande mmoja, udongo umekwaruzwa, damu imepakwa kwa mstari. Pongo aliyejeruhiwa haachi alama ya namna ile. Nilikuwa bado nainama kuitazama mjomba aliponishika bega.

“Inua kichwa polepole,” akasema. “Kushoto kwa ule mti mkubwa.”

Macho mawili, chini chini, kama hatua ishirini na tano mbele, rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani. Hayakuwa yakicheza. Swala akimulikwa hugeuza kichwa, jicho moja linazimika, lingine linawaka, kwa sababu macho yake yako pembeni. Haya yalikuwa yote mawili yametuelekea, yametulia, umbali kati yake haubadiliki. Kisha tukasikia ile sauti, kama msumeno unaopita kwenye ubao mara moja na kukwama.

“Mjomba, huyo ni...”

“Ndiye. Usikimbie, mwanangu. Usimgeuzie mgongo. Muwekee mwanga, turudi hivihivi.”

Hapa swichi ilinisaidia tena. Ukishikilia ya kulia kwa sekunde moja, hata ukiwa kwenye ngazi gani, inapanda moja kwa moja mpaka juu kabisa, lumeni 1,000 zilizoandikwa kwenye boksi. Sikuhitaji kukumbuka chochote, kidole kilijua. Tulimwona sasa mwenyewe, kifua na mabega, amelala juu ya pongo wangu, masikio yamebanwa nyuma. Tulirudi kinyumenyume, mjomba ameshika mkanda wa mkoba wangu ananiongoza, mimi nimeweka mwanga palepale. Hakutufuata. Macho yake yalibaki chini, yakawa madogo, kisha shina la mti likayaziba.

Tulikuwa tumeshafika mbali kidogo mwanga uliposhuka wenyewe. Huu ni upungufu ambao mtu lazima aujue kabla ya kununua: lumeni 1,000 hazidumu. Baada ya dakika tatu hivi tochi inapata joto na inajipunguza ili isiungue, na hakuna swichi ya kuizuia. Karibu tochi zote ndogo zenye mwanga mkali hufanya hivyo, si hii peke yake, lakini boksi haisemi, na usiku ule moyo wangu ulisimama mwanga ulipopungua. Nilidhani betri imekwisha.

Asubuhi jua lilipokuwa juu tulirudi. Pongo alikuwa kwenye panda ya mti, ameliwa mapaja, miguu ya mbele inaning'inia. Tuliwaacha hivyo, yeye na mwenye mti. Nilimwandika kwenye leseni yangu kama windo lililokamilika, maana risasi ilikuwa yangu, na msimu ule sikupiga pongo mwingine.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie tochi ya mkononi ambayo ni rahisi na ina mwanga mwingi. Sababu ni macho yale. Nyuma ya jicho la wanyama wengi wa usiku kuna utando unaorudisha mwanga, na huurudisha karibu kwenye mstari uleule ulioujia. Taa ikiwa juu ya paji lako, mwanga unaorudi unaingia machoni mwako. Taa ikiwa mkononi kiunoni, mwingi unarudi kiunoni. Jaribu mwenyewe: mulika paka kwa tochi iliyo kwenye paji, kisha ishushe mpaka tumboni, uone jinsi macho yake yanavyofifia.

Na ukishaanza kuyaona, msitu unabadilika. Kirukanjia, yule ndege wa usiku, amekaa katikati ya njia, jicho lake ni kaa jekundu la moto. Unamkaribia mpaka unadhani ni jiwe lenye kioo, kisha anapaa bila sauti. Komba ana macho makubwa ya rangi ya chungwa, yanazimika kwenye mti huu na kuwaka kwenye mti ule kwa kuruka, huoni mwili. Usiku wa kwanza nilipoweka mweupe kwenye uwanda mdogo wa nyasi niliona vipunje vya kijani na buluu, mamia, vinametameta kama umande. Umande haukuwapo, nyasi zilikuwa kavu. Niliinama kwenye kimoja nikamkuta buibui, kisha kwenye kingine, buibui mwingine, wale wa kuwinda chini wasiotega utando. Nilikaa pale nikichuchumaa nikavitazama mpaka magoti yakauma. Kila mwindaji apate nafasi ya kuona kitu kile.

Ila usidhani kila kilichopo kitawaka. Nguruwe hawana utando huo. Hili sikulijua, na msimu wa pili liliniingiza katikati ya kundi la nguruwe pori saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Nilikuwa nimeshapekua kichaka kwa mweupe, sikuona jicho hata moja, nikaona njia ni salama. Nilichopata kwanza ni harufu, nzito, ya tope lililochacha. Kisha mguno mfupi kulia kwangu, na mwingine kushoto. Niliposimama na kumulika tena niliona migongo: nywele za shingoni zimesimama, na vitoto vyenye mistari vinakimbia kati ya miguu yangu na mama yao. Nilipanda kisiki. Hakikuwa kirefu, lakini kilitosha, na mama alipokusanya wanawe wakaondoka kwa kishindo wakibomoa kichaka. Kwa hiyo hata tochi iwe nzuri kiasi gani, sehemu yenye tope na mizizi iliyofukuliwa ninasimama, nasikiliza, nanusa. Nyoka nao hutegemei macho yao kuwaka. Nyani na mbega vilevile, macho yao hayana utando huo, ingawa wao usiku huwa juu mitini wamelala.

Kuhusu namba za kwenye boksi nitasema kifupi. Ukiona alama ya FL 1, kiwango cha kupimia tochi, ujue umbali ulioandikwa ni ule ambao mwanga unaofika umebaki luksi 0.25 (luksi hupima mwanga unaoangukia kitu), sawa na mwanga wa mwezi mpevu kwenye anga safi. Boksi langu linasema mita 120. Kwenye mita 120 unapata mwezi, huwezi kutofautisha kichuguu na nyati aliyelala. Gawa kwa mbili: kwenye mita 60 mwanga ni mara nne ya ule, na hapo unaona. Muda wa kuwaka nao hupimwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo, kwa hiyo saa zinazotajwa kwenye ngazi ya juu, nyingi kati yake ni za mwanga dhaifu. Kwenye ngazi ninazozitumia kweli, yaani mwekundu wa chini na mweupe wa chini, sijawahi kumaliza betri ndani ya safari ya siku nne.

Betri ni ile ya duara ya kuchaji iitwayo 18650, ambayo unaweza kuichomoa na kuweka nyingine. Hii ilikuwa sababu yangu ya pili ya kuinunua. Zile ambazo betri imefungiwa ndani, siku inapochoka umebaki na kopo. Uzito si mdogo. Betri peke yake inakaribia gramu 50, na baada ya saa mbili unaisikia kwenye paji. Mkanda wa juu ya kichwa unasaidia, usiuache nyumbani.

Maji haijayaogopa. Imeandikwa IPX7, maana yake imepimwa kwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Yangu ilianguka mtoni, ikakaa chini ya maji ikiwaka mpaka nilipoitoa, na haikuzima. Tatizo lake ni kifuniko cha betri. Nyuzi za parafujo ni nyembamba mno, na chembe moja ya mchanga inatosha kuifanya ijifunge kombo. Ukiifunga kombo, ule mpira wa kuziba maji haukai sawa. Nilituma malalamiko kwa muuzaji nikajibiwa niifunge kwa uangalifu. Ninaifunga kwa uangalifu, lakini kitu kinachotengenezwa kwa ajili ya watu wa porini kingepaswa kustahimili vidole vyenye mchanga.

Mkanda ni kasoro nyingine. Msimu wa tatu umelegea. Jasho limeuchosha, na ninapoinama kusoma nyayo tochi inateleza mpaka kwenye nyusi. Kwa kitu cha umuhimu huu, misimu miwili na nusu ni kidogo.

Ukungu pia. Hii si kasoro ya tochi, ni tabia ya mwanga, lakini wengi hawaambiwi. Bonde likijaa ukungu, taa ya kwenye paji inamulika vijitone vilivyo mbele ya macho yako na unaona ukuta mweupe. Ivue, ishike kiunoni, elekeza chini. Ndiyo, utapoteza macho ya wanyama, lakini utaona miguu yako. Tochi hii inachomoka kwenye mkanda kwa mkono mmoja, nayo ina klipu ya kubana mfukoni. Nimeitumia hivyo asubuhi nyingi.

Na jambo ambalo vijana hunibishia: wanataka kuingia porini gizani bila taa kabisa, wakidhani wakiiwasha wanyama watawakimbia. Msituni hauko peke yako. Kuna mwindaji mwingine amekaa mahali, ana bunduki, anasikia majani yakilia kama mimi nilivyomsikia kakakuona. Mwanga kwenye paji lako, hata ukiwa mwekundu, unamwambia kuwa wewe ni mtu. Mnyama hatembei na taa. Ninaiwasha kila hatua ya kwenda na kila hatua ya kurudi, na sizimi mpaka nimekaa.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, hata kama kesho ningeipoteza. Anayetaka kumulika ng'ambo ya bonde atafute nyingine yenye mwanga mwembamba wa mbali. Anayetembea msituni kabla ya mapambazuko, ambaye hajui hatua kumi mbele atakutana na nani, hii ina kile anachohitaji: mwanga mdogo sana unaopatikana kwanza, na mwanga mkubwa sana unaopatikana kwa kidole kimoja.

Mkanda mpya nimeshauagiza. Uzi wa kifuniko naufuta kwa mswaki wa zamani kabla ya kila safari. Betri ya pili iko kwenye kikopo chake cha plastiki, mfuko wa kushoto, mbali na risasi na funguo ili isigusane na chuma, na mjomba, ambaye kwa miaka yote alikuwa akitembea na tochi ya mkononi, ameniomba nimtafutie ya kwake, ila yenye swichi kubwa zaidi ambazo vidole vyake vinaweza kuzihisi.